Kadi Moja, Majina Kibao: Jinsi Linux Inavyoziita na Kuzisanidi Draiva

Chukua kompyuta ya mezani yenye soketi ya waya wa mtandao, iwashe kwa Linux, kisha andika `lspci -nnk`, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani. Kuna uwezekano mkubwa utakutana na mstari unaotaja Realtek RTL8111/8168, na chini yake mwingine unaosema draiva inayotumika, yaani programu inayoiendesha kadi, ni r8169. Hapo ndipo wengi hukwama. Kadi ni 8168 na draiva ni 8169, kwa hiyo mtu anajiambia kwamba mfumo umekosea, na ndiyo maana mtandao unasuasua. Anaperuzi, anakuta draiva nyingine iitwayo r8168, anaipakua, anaikompaili, anaisakinisha, na jioni hiyohiyo hana mtandao kabisa.

Mfumo haukukosea. Kadi hiyo ina majina kadhaa, na kila jina limetolewa na mtu tofauti kwa ajili ya msomaji tofauti. Ni kama mwanamke ambaye mtaani ni Mama Juma, shuleni anakofundisha ni Mwalimu Neema, na kwenye kitambulisho cha taifa ana majina matatu ambayo jirani hajawahi kuyasikia. Ukienda benki ukamuulizia Mama Juma, utaambiwa hayupo. Vivyo hivyo kwenye keneli ya Linux, kiini cha mfumo: kabla ya kuandika jina la draiva popote, jua kwanza ni nani atakayelisoma.

Namba ambazo kifaa kinazitaja chenyewe

Kadi ya PCI (njia inayounganisha kadi na kompyuta) haijui kwamba inaitwa Realtek. Inachojua ni namba. Mbili kati yake ndizo muhimu: 10ec, ambayo ni ya kampuni, na 8168, ambayo ni ya bidhaa. Namba za kampuni hugawiwa na PCI-SIG, umoja unaosimamia kiwango cha PCI. Intel ilijichukulia 8086, namba ya prosesa yake maarufu ya mwaka 1978, nadhani kwa utani. Yale maneno unayoyaona kwenye lspci hayatoki kwenye kadi. Yanatoka kwenye faili la maandishi liitwalo pci.ids, lililo kwenye diski yako. Lifute, na kadi itaendelea kufanya kazi kama kawaida. Ni lspci tu itakayobaki ikikuonyesha namba tupu.

Keneli inapoamka hupita kwenye njia ya PCI, husoma namba hizo pamoja na nyingine chache, kama ile ya aliyeunda bodi na ile ya aina ya kifaa, kisha huziunga kuwa mstari mmoja mrefu unaoanza hivi:

`pci:v000010ECd00008168sv...`

Mstari huo huitwa modalias. Kwa upande wa pili, kila draiva imebeba jedwali la namba inazozijua. Programu ya depmod hukusanya majedwali hayo yote na kuyaandika kwenye faili la modules.alias, ndani ya `/lib/modules/` chini ya toleo la keneli yako. Kifaa kinapojitokeza, udev, programu inayosimamia vifaa, huupokea ule mstari, hutafuta kwenye faili hilo draiva inayolingana, na kuipakia. Katika safari yote hiyo hakuna aliyesoma neno RTL8111.

Kwa hiyo kuuliza kama draiva ina jina linalofanana na la chipu hakukufikishi popote. Uliza kama namba 10ec:8168 imo kwenye jedwali lake. Jibu unalipata kwa amri moja:

`modinfo r8169 | grep -i 8168`

Namba yenyewe nayo haimalizi mambo. Realtek imetumia 10ec:8168 kwa vizazi vingi vya chipu, miaka nenda miaka rudi. Draiva ikishashika kadi, husoma ndani yake namba nyingine iitwayo XID ili kujua hasa ni kizazi kipi, ndipo ichague namna ya kuiwasha na faili gani la fimwea (programu ya ndani ya kifaa) la kupakia kutoka `/lib/firmware/rtl_nic/`. Ukiangalia dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa keneli, utaiona XID hiyo imeandikwa. Wale wanaolalamika kwamba "kadi kama yangu kwa rafiki yangu inafanya kazi" mara nyingi wana XID tofauti bila kujua.

Kuna na mlango wa uani. Ukiwa na kadi mpya ambayo namba yake haimo kwenye jedwali lolote, lakini una hakika ndani ni chipu ileile, unaweza kuiongeza bila kukompaili chochote, kwa kuandika jozi ya namba kwenye faili la new_id lililo chini ya `/sys/bus/pci/drivers/r8169/`. Draiva itajaribu kuishika papo hapo. Ukiwa umekisia vibaya, ni juu yako.

Aliyeandika ndiye aliyeita

Jina r8169 lina historia fupi na isiyo na fumbo. Draiva iliandikwa kwa ajili ya RTL8169, chipu ya gigabiti ya PCI ya zamani. Baadaye zikaja 8168, 8111, 8101 na hata 8125 ya gigabiti mbili na nusu. Zilifanana vya kutosha kuingizwa kwenye draiva ileile, na jina likabaki la mzaliwa wa kwanza. Ile r8168 unayoikuta intaneti ni draiva ya Realtek yenyewe, iliyo nje ya keneli, na inadai namba zilezile. Ukiwa nazo zote mbili, itakayotangulia kupakiwa ndiyo itakayoshika kadi, na usipoizuia mojawapo utakuwa unacheza bahati nasibu kila unapowasha mashine.

Hakuna kamati inayotoa majina haya. Kabla ya gigabiti, Realtek ilikuwa na chipu ya 8139, na Donald Becker alikuwa ameshaiandikia draiva iitwayo rtl8139. Jeff Garzik alipoandika yake akaiita 8139too, yaani na hii nayo ni ya 8139. Draiva ya kadi za Broadcom ni tg3, kwa sababu chipu yenyewe ilikuwa ya ukoo wa Tigon. Mgeni hawezi kuyakisia majina ya namna hii, na hakuna sababu ya kujaribu wakati lspci na modinfo zipo.

Kubadilisha jina baadaye ni taabu, kwa sababu limeshaenea kwenye mafaili ya usanidi ya watu wasiojulikana walipo. Draiva ya Wi-Fi ya Intel ilipohama kutoka iwlagn kwenda iwlwifi, ilibidi jina la zamani liachwe kama lakabu. Mambo yalikuwa magumu zaidi mwaka 2008, namba za kadi mpya za Intel zilipohamishwa kutoka e1000 kwenda e1000e. Majina hayakubadilika, kilichohama ni umiliki wa namba. Aliyekuwa amekompaili keneli yake na e1000 peke yake, akabeba usanidi wake wa zamani hadi toleo jipya, aliamka hana mtandao ingawa hakugusa chochote.

Jambo moja dogo linalopoteza muda wa watu bure ni kistari. Moduli ya sauti (moduli ni draiva iliyo faili la pembeni) inaitwa snd-hda-intel kwenye jina la faili na snd_hda_intel kwenye lsmod, orodha ya moduli zilizopakiwa. Ni kitu kilekile. Keneli hugeuza kistari cha kati kuwa cha chini, na modprobe, amri ya kupakia moduli, haijali umetumia kipi. Lakini grep, amri ya kutafuta maneno, inajali sana, na ukitafuta moja utakosa nyingine.

Alama za Kconfig, na pale m inapozidiwa na y

Tukiingia kwenye kukompaili keneli, draiva inapata jina jingine: CONFIG_R8169. Hili halisomwi na kifaa wala na modprobe. Linasomwa na mfumo wa kujenga keneli, ambao tangu mwaka 2002 hutumia lugha ndogo iitwayo Kconfig. Alama za aina hii zimeshapita 10,000, na nyingi ni za draiva.

Kila alama ya draiva kwa kawaida huchukua thamani moja kati ya tatu. Ukiandika y, draiva inaunganishwa ndani ya keneli moja kwa moja. Ukiandika m, inakuwa moduli, faili la pembeni linalopakiwa ikihitajika. Ukiandika n, haijengwi.

Jina la alama na jina la moduli hayalazimiki kufanana. Moduli ya ch341, ya vigeuzi vya USB kwenda siro (bandari ya serial), alama yake ni CONFIG_USB_SERIAL_CH341, kwa sababu alama hubeba jina la ukoo mzima huku moduli ikibeba la kwake tu. Njia ya uhakika ya kutoka moduli hadi alama ni kusoma Makefile ya folda husika. Kwenye `drivers/net/ethernet/realtek/` utakuta mstari huu:

`obj-$(CONFIG_R8169) += r8169.o`

Kushoto ni jina la Kconfig, kulia ni jina la moduli. Sijaona maelezo yoyote marefu yanayoshinda mstari huo kwa uwazi.

Ukiwa ndani ya `make menuconfig`, bonyeza kitufe cha mkwaju (/) uandike R8169. Menyu itakuonyesha ilipo, inategemea nini, na nini kinaivuta. Ukiitafuta kwa macho unaweza usiione kabisa, na sababu inaudhi. Draiva za mtandao zilipopangwa upya kwa majina ya kampuni mnamo 2011, kila kampuni ilipewa alama yake, kwa mfano NET_VENDOR_REALTEK. Alama hiyo haijengi chochote. Kazi yake ni kufungua au kufunga ukurasa wa menyu. Mtu anaiona, anafikiri ni draiva, anaiwasha, anatoka ameridhika, na r8169 bado ni n. Mwingine anaizima ili apunguze keneli, kumbe amefuta kila kitu kilichokuwa chini yake.

Halafu kuna utegemezi wa aina mbili, na huu ndio unaostahili umakini. `depends on` ni sharti: kinachotegemewa kisipokuwepo, alama haionekani hata kwenye menyu. Tena sharti hili lina daraja. Ukiweka CONFIG_USB kuwa m, huwezi kuweka draiva ya siro ya USB kuwa y, kwa sababu kitu kilichomo ndani ya keneli hakiwezi kuegemea moduli ambayo bado haijapakiwa. Menyu itakubania kwenye m bila kukueleza sababu. `select` ni kinyume chake, ni amri: ukiwasha R8169, unaiwasha pia REALTEK_PHY, upende usipende. Tena select haijisumbui kukagua kama ilichokiwasha kimetimiziwa masharti yake, ndiyo maana waandishi wa keneli wanaonywa waitumie kwa uangalifu.

REALTEK_PHY inastahili kutazamwa kwa karibu. PHY ni sehemu ya kadi inayoongea na waya wenyewe. Zamani r8169 ilibeba kazi hiyo ndani yake. Baadaye ikategemea moduli nyingine, iitwayo realtek tu. Sasa fikiria mashine inayotumia initramfs, ule mfumo mdogo wa mafaili unaotangulia kuamka, na ndani yake r8169 imewekwa lakini realtek imesahauliwa. Draiva inapata kadi, inasoma XID, kisha inagoma ikiandika kwenye dmesg kwamba haikupata draiva mahsusi ya PHY, labda realtek.ko inapaswa kuongezwa kwenye initramfs. Ni nadra ujumbe wa kosa kuwa mkarimu kiasi hicho. Lakini atakayeusoma akiwa anadhani draiva ya Realtek ni r8169 atajiuliza: realtek si ndiyo hii niliyonayo?

Kuhusu kuchagua kati ya y na m, msimamo wangu ni m kwa karibu kila kitu. Wanaopenda y kwa sababu inaonekana imara husahau fimwea. Draiva iliyo ndani ya keneli huamka mapema, kabla diski haijafunguliwa, na kama inahitaji faili kutoka `/lib/firmware` haitalipata, isipokuwa umelitia kwenye initramfs au ndani ya keneli yenyewe kwa CONFIG_EXTRA_FIRMWARE. Isipokuwa draiva ya diski na ya mfumo wa mafaili wa mzizi: hizo ama ziwe y ama ziwemo kwenye initramfs, vinginevyo keneli itaishia kulalamika kwamba haiwezi kuufungua mzizi.

Asiyetaka kupitia alama zote hizo ana `make localmodconfig`, inayosoma lsmod na kubakisha moduli zilizopakiwa wakati huo tu. Inafanya kazi vizuri mno. Chomeka kwanza kila kitu unachokitumia, pamoja na printa na ile modemu iliyo kabatini, maana kisichopakiwa wakati huo kitahesabiwa hakipo.

Kuiambia draiva ifanye unavyotaka

Draiva nyingi zina vigezo. Moduli ya sauti ina power_save, ambayo huizima chipu ya sauti baada ya sekunde kadhaa za ukimya. Kwenye baadhi ya laptopu hali hiyo huleta mlio wa "tak" kwenye spika kila sauti inapoanza. Unauzima kwa kuandika hivi kwenye faili lolote lenye mwisho wa .conf ndani ya `/etc/modprobe.d/`:

`options snd_hda_intel power_save=0`

Faili hilo linasomwa na modprobe. Kama draiva ni y, modprobe haihusiki nayo, na mstari wako utabaki pambo. Hapo itabidi uandike `snd_hda_intel.power_save=0` kwenye mstari wa kuwashia keneli. Habari njema ni kwamba modprobe nayo husoma mstari huo, kwa hiyo njia ya pili inafaa pande zote mbili. Thamani iliyopo sasa utaiona kwenye `/sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save`.

Neno `blacklist` nalo halifanyi kile ambacho wengi wanadhani. Linazuia moduli isipakiwe kwa njia ya lakabu, yaani kupitia ule mstari wa modalias. Ukiandika `modprobe r8169` kwa mkono, itapakiwa. Moduli nyingine ikiitegemea, itapakiwa. Anayetaka kufunga kabisa huandika `install r8169 /bin/false`. Na kwenye Debian au Ubuntu, ukishabadilisha chochote humo, endesha `update-initramfs -u`, la sivyo nakala ya zamani iliyo ndani ya initramfs ndiyo itakayosikilizwa.

Kutoka eth0 hadi enp2s0

Jina la mwisho ni lile unaloliandika kwenye usanidi wa mtandao, na hili halina uhusiano wowote na draiva. Keneli huita kadi ya kwanza kujitokeza eth0, ya pili eth1. Kwenye seva yenye kadi mbili, anayetangulia leo si lazima atangulie kesho, na kanuni za ukuta wa moto huishia kwenye waya usio wake. Toleo la 197 la systemd, Januari 2013, lilileta majina yanayotokana na mahali kadi ilipo. Kwenye enp2s0, en ni ethaneti, p2 ni njia namba 2 ya PCI, s0 ni nafasi namba 0. Anayebadilisha jina ni udev, baada ya keneli kuwa imeshatoa eth0, na dmesg hurekodi ubatizo huo wa pili. Angalia pia kwamba lspci huandika namba za njia kwa msingi wa 16 na jina huziandika kwa msingi wa 10: kadi iliyo kwenye 0a:00.0 ni enp10s0.

Majina haya yalinadiwa kuwa ya kutabirika. Yanatabirika mpaka siku utakapochomeka kadi ya picha au diski ya NVMe, namba za njia zikasogea, na enp2s0 ikaamka enp3s0. Kwa seva iliyo mbali nawe, andika faili la .link ndani ya `/etc/systemd/network/` linalofungamanisha anwani ya MAC na jina ulilolichagua mwenyewe, kwa mfano lan0, usahau habari za njia na nafasi.

FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, ilikwenda upande mwingine. Huko draiva ya Realtek inaitwa re, na kadi yake ya kwanza ni re0. Kwenye usanidi wa keneli unaandika `device re`, kwenye rc.conf unaandika `ifconfig_re0="DHCP"`, na ukurasa wa mwongozo ni `man re`. Jina moja mwanzo hadi mwisho. Kwa mwanafunzi ni raha tupu. Kwa msimamizi anayebadilisha kadi ya Realtek kwa ya Intel ni kazi ya kupitia kila faili, kwa sababu re0 imegeuka em0 au igb0. Kwenye Linux, amri ya `ethtool -i enp2s0` ndiyo inayokuunganishia majina kwa mara moja: jina la draiva, toleo la fimwea na anwani ya PCI.

Kifaa kisichoweza kujitaja

Yote hayo yanadhani kifaa kinaweza kuulizwa namba yake. Kwenye bodi za ARM kama Raspberry Pi, vifaa vingi vimeunganishwa moja kwa moja ndani ya chipu kuu na haviulizwi lolote. Keneli hupewa maelezo yaliyoandikwa na binadamu, yaitwayo device tree, na humo kila kifaa kina orodha ya majina chini ya neno compatible, kwa mtindo wa kampuni, mkato, chipu: `brcm,bcm2835-i2c`, kwa mfano. Draiva inalinganisha herufi kwa herufi. Orodha huanza na jina mahsusi kabisa na kushuka hadi la jumla, ili keneli isiyoijua chipu mpya iweze kutumia draiva ya ndugu yake. Kanuni ya hapa ni kali na nzuri: hakuna kuandika x mahali pa namba ili jina lifae chipu zote za ukoo, kwa sababu hakuna ajuaye kampuni itatoa nini mwakani chini ya namba hiyohiyo.

Upande wa USB hakuna ukali wa namna hiyo. Nakala nyingi za bei nafuu za bodi ya Arduino hutumia chipu ya CH340, yenye namba 1a86:7523, inayoendeshwa na moduli ya ch341. Namba hiyo ni ya chipu, si ya bidhaa iliyojengwa juu yake, kwa hiyo kila anayeinunua chipu hupata namba ileile. Mmoja wa wanunuzi hao alitengeneza kifaa cha kusomea Braille. Programu ya brltty, inayowahudumia wasioona, ikaiweka 1a86:7523 kwenye kanuni zake za udev, na kwenye Ubuntu 22.04 watu wakaanza kuona `/dev/ttyUSB0` ikitokea na kutoweka hapohapo. Draiva ilikuwa sahihi na alama ya Kconfig ilikuwa sahihi. dmesg ilisema wazi kwamba brltty imejaribu kuchukua kifaa kilichokwisha kushikwa na ch341. Ushauri uliozagaa ni kuiondoa brltty. Kama kompyuta inatumiwa pia na mtu asiyeona, usifanye hivyo: weka alama ya reli (#) mbele ya mstari huo mmoja wa 1a86:7523 kwenye faili la kanuni, isipokuwa kama kifaa chake ndicho chenye namba hiyo, kisha uendeshe `udevadm control --reload`, uchomoe bodi na kuichomeka tena.